Kosa Husahihishwa kwenye Hati

Nilizaliwa Busia, upande wa Kenya. Mama yangu huuza ndizi anazonunua upande wa Uganda, kwa hiyo mambo ya kuingiza mizigo niliyajua mpakani kabla ya kuyakuta kwenye kompyuta.

Mwaka jana mimi na mwenzangu wa Tororo tulitengeneza programu ya kuwasaidia wachuuzi kama mama kuweka kumbukumbu za mizigo. Yeye alishika sehemu ya simu, mimi ya seva kwa lugha ya Python. Ili tuelewane, tulieleza data katika skima mbili, bidhaa.proto na mzigo.proto, kisha programu iitwayo protoc ikatuzalishia msimbo.

Msimbo wangu ulikataa kufanya kazi. Skima zote mbili zilikuwa ndani ya folda ya soko, lakini katika mzigo.proto tulikuwa tumeandika kwamba tunaingiza "bidhaa.proto" bila kutaja folda. Nilidhani jina la pakeji tuliloandika juu ya skima lingetosha. Kwa Python halitoshi. Msimbo unaozalishwa hufuata folda. Nikafungua faili iliyozalishwa, nikarekebisha mstari mmoja kwa mkono. Ikakubali. Nikalala.

Siku mbili baadaye mwenzangu aliongeza sehemu ya sarafu, maana mama hununua kwa shilingi za Uganda na kuuza kwa shilingi za Kenya. Alizalisha msimbo upya, na mstari wangu ukafutika. Programu ilikwama mbele ya mhadhiri. Lawama zilimwangukia mwenzangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeigusa mwisho. Mimi nilinyamaza.

Mwisho wa wiki nilimsimulia mama. Yeye hupitia kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, ambapo mzigo hukaguliwa upande unakoingia. Mzigo wake, kwa kuwa hauzidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa.

"Cheti kikikosewa," aliniambia, "sigombani na mikungu. Narudi kikaandikwe upya."

Nilirudi kwenye skima, nikaandika "soko/bidhaa.proto", nikaendesha protoc kutoka folda kuu. Tukakubaliana kwamba msimbo uliozalishwa haumguswi kwa mkono na yeyote. Lakini kabla ya hayo yote, nilimpigia mwenzangu simu nikamwambia ukweli.