Kitabu cha Baba

Baba alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa: mizani yake ndogo ya kupimia dhahabu na kitabu cha benki. Kitabu kilikaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda, kimeviringishwa kwa kipande cha kaniki. Baba hakujua kusoma. Kumsomea ilikuwa kazi yangu.

Mgodi wetu wa dhahabu wa Saza ulifungwa mwaka 1956, nikiwa na miaka mitatu. Wazungu wakaondoka, sisi tukabaki na mashimo. Baba aliyekuwa akishuka chini ya ardhi kwa mshahara akaanza kuchekecha mchanga wa mtoni kwa karai, na alichopata akamuuzia mwenye duka, aliyepima kwa tola. Hela ikizidi ya matumizi, tulipanda lori hadi Mbeya kupitia Galula na Mbalizi, tukaiweka benki. Benki ile ilikuwa ya Waingereza. Hilo halikumsumbua baba. Hata dhahabu ya Saza ilikuwa yao miaka yote aliyoichimba.

Jumatatu, tarehe 6 Februari 1967, jirani mwenye redio alituita uani kwake. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa jana yake, na sasa Mwalimu Nyerere alikuwa ametaifisha benki binafsi. Barclays, Standard, Grindlays, Bank of India, Bank of Baroda, hata ile ya Waholanzi: zote zinamezwa na benki moja ya umma, Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Tulishangilia hadi sauti zikakauka. Nilikuwa msichana wa shule na niliamini kila neno. Hadi leo naona ilikuwa haki, maana nchi ingepangaje maisha yake wakati akiba za watu wake zinaamuliwa London?

Baba hakushangilia. Tulipofika nyumbani akatoa kopo.

"Hela zangu zipo?"

"Zipo, baba."

"Na benki ni ya nani sasa?"

"Ni yetu sote. Ndivyo walivyosema."

Akakigeuza kitabu mkononi. "Sawa, mwanangu. Basi siku wakitaka kuiuza watatuuliza."

Alifariki mwaka 1984. Kitabuni tarakimu zilikuwa zimeongezeka, lakini bei za vitu wakati ule zilipanda kwa karibu theluthi moja kila mwaka. Hela ambayo zamani ingemnunulia baiskeli ilitosha sanda na unga wa matanga. Hilo liliniuma kuliko mambo yote ya benki niliyoyaona baadaye.

Mwaka 1990 ulikuja muda mfupi wa neema. Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kupitia benki za biashara, kwa bei iliyokaribia ile ya magendo. Kaka zangu walioshinda mashimoni Saza wakaingia benki na viatu vya udongo, wakatoka na noti. Laiti baba angeliona.

Lakini benki ya umma ilikuwa imebeba mzigo mzito. Mashirika ya serikali na vyama vya ushirika vilikopa bila kurejesha. Sheria ya 1991 ikafungua mlango kwa benki binafsi, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa. Matawi mengi ya wilayani yakaenda kwa benki mpya, NMB, na sisi walimu, tuliozoea kupokelea mishahara huko, tukajikuta wateja wa benki nyingine bila kuhama dirisha.

Mwaka 2000 benki ya ABSA ya Afrika Kusini ilinunua asilimia 55 ya NBC. Mwaka 2005 Barclays ikachukua sehemu kubwa ya ABSA, kwa hiyo Waingereza walioondolewa mwaka 1967 wakarudi kwenye benki iliyojengwa juu ya matawi yao wenyewe. Mwaka huohuo kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi likanunua asilimia 49 ya NMB. Meksiko nao walipita njia kama yetu: walitaifisha benki mwaka 1982, wakaziuza upya miaka ya tisini mwanzoni, na mwaka 2001 benki yao ya Banamex ikaenda kwa Citigroup ya Marekani. Niliposoma hayo niliwaza kama huko nako yupo binti aliyemsomea baba yake kitabu cha benki.

Sisi hatukuulizwa. Yote hayo tuliyasikia redioni, kama mwaka 1967.

Kisha, mwaka 2008, serikali iliuza sehemu ya hisa zake za NMB kwa wananchi. Nilikwenda tawini kuchukua fomu. Nilisimama kaunta kwa muda mrefu nikiisoma, hadi karani akaniuliza, "Mama, nikusaidie kujaza?" Nikamwambia najua kusoma. Hela niliyokuwa nayo ilitosha hisa chache tu. Palipoandikwa jina la mnunuzi niliandika majina yangu yote matatu, la baba likiwa katikati, kwa herufi kubwa.

Nakala ya fomu ile ipo ndani ya kopo, pamoja na kitabu chake na mizani.