Betri Imekufa, Nani Kasema?

Ukitaka kujua laptopu za nani ni mbovu hapa chuoni, usimuulize mtu. Ingia maktaba asubuhi uangalie waliokaa karibu na soketi. Wenye betri nzima wanakaa popote, hata chini ya mwembe. Wenye betri mbovu wanakaa ukutani, na umeme ukikatika utawasikia kabla hujaona taa zimezima: "Mungu wangu, sijaseva!"

Kuna ugonjwa mmoja ambao wengi tunaujua. Chaja imechomekwa, taa inawaka, ila asilimia haipandi. Ukipeleka kishale kwenye alama ya betri unakuta maneno "plugged in, not charging". Yaani umeme umefika mlangoni, lakini betri haijapokea. Hapo huwa tunatoa hukumu moja tu: betri imekufa. Nataka kuliongelea hilo neno "imekufa", maana muhula uliopita nusura liigharimu familia moja hela ambayo haikuwa nayo.

Laptopu yenyewe ni ya mwenzangu wa chumba. Ni ya mtumba, ya zile nene ambazo betri yake unaitoa kwa chini kwa kusukuma vibana viwili. Mama yake anauza mahindi Songea, na aliinunua kwa mkopo wa kikoba. Wakati haya yanatokea, rejesho la miezi miwili lilikuwa bado. Usiku mmoja umeme ulikatika hosteli nzima, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Kuanzia asubuhi yake betri iliganda kwenye asilimia 11. Ikichomekwa inafanya kazi vizuri tu, lakini haiongezi hata moja.

Wiki ile tulikuwa na kazi mbili za makundi, na yeye ndiye aliyekuwa anachapa. Akaipeleka kwa fundi. Fundi aliichomeka, akaiangalia kama dakika mbili, akasema: "Betri imekufa hii, dada. Mpya 95,000. Ukiweka mpya ikakataa, basi ni mazabodi." Bumu lilikuwa halijatoka. Na hata lingetoka, si unajua bumu likiingia lina ndugu wangapi wanalisubiri.

Jioni akampigia mama yake, akaweka spika. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa amemuuliza fundi:

"Sasa hiyo betri imefanyaje hasa?"

Mwenzangu akasema imekufa. Mama akasema, "Kufa nimesikia. Nauliza imekufaje? Kuku akifa nitajua kama ni kideri au kagongwa na gari."

Mwenzangu akanisogezea simu. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Wewe unayesomea ualimu, hebu nielezee."

Bahati nzuri nilikuwa nimeshaanza kusoma kuhusu tatizo lile tangu mchana, na kuna vitu viwili tulikuwa tumeshaviona. Cha kwanza, tulipochomoa chaja, laptopu haikuzima papo hapo. Iliendelea dakika kadhaa kwa zile asilimia 11. Betri iliyokufa kabisa haifanyi hivyo. Cha pili, kwenye Windows ukifungua lile dirisha jeusi la amri ukaandika powercfg /batteryreport, kompyuta inakuandalia ripoti ya betri yako. Humo kuna namba mbili za kulinganisha: uwezo betri iliotengenezwa nao, na uwezo inaoweza kujaa sasa hivi. Ya kwetu ilitengenezwa kwa milliwati-saa 47,520, na sasa ilikuwa inaweza kujaa 36,800. Piga hesabu, ni kama asilimia 77. Kwa mtumba, hiyo ni betri ya mtu mzima mwenye nguvu zake. Haijafa. Imegoma kupokea.

Ila mama alitaka sababu ya mgomo, na nilichosoma chote kilikuwa Kiingereza. Ningemwambia "embedded controller" angenikatia simu. Ikabidi nitafute maneno.

Nikamwambia hivi. Mama, ndani ya betri kuna karani. Ni kidude kidogo cha kielektroniki, kazi yake ni kama ya karani wa ghala: umeme umeingia kiasi gani, umetoka kiasi gani, kuna joto kiasi gani, seli zina nguvu gani. Ile asilimia tunayoiona kwenye kioo inatoka kwenye daftari lake. Halafu kwenye kompyuta yenyewe kuna mlinzi wa geti. Naye ni kidude kingine, ndicho kidhibiti. Mlinzi anamuuliza karani hali ya ghala, akiridhika anafungua geti umeme uingie kwenye betri. Akiona kuna hatari, anafunga. Anafanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu betri hizi za lithiamu ukizijaza kupita kiasi, au ukizichaji zikiwa na joto kali, zinaweza kuvimba na hata kuwaka moto.

"Sasa usiku ule umeme ulivyocheza," nikamwambia, "inawezekana mlinzi aliletewa taarifa mbovu. Akafunga geti, na mpaka leo anashikilia amri ileile."

Mama akauliza, "Kwani hamjaizima mkaiwasha? Simu yangu ikisumbua nazima nawasha."

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote, na ndilo linalowapotosha wengi. Ukizima laptopu, anayelala ni mwenye nyumba. Mlinzi halali. Fikiria: laptopu imezimwa kabisa, lakini ukichomeka chaja ile taa ndogo inawaka. Nani kaiwasha? Ukibonyeza kitufe, kompyuta inaamka. Nani amesikia hodi? Ni huyo mlinzi. Anakula umeme wa betri au wa chaja saa zote, kwa hiyo unaweza kuzima na kuwasha mara ishirini, yeye yuko macho na amri yake ya juzi.

Mama akacheka. "Basi mnyimeni chakula asinzie. Akiamka atauliza upya."

Wallahi, sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo.

Tulichofanya ni hiki. Tulizima laptopu. Tukachomoa chaja. Tukaigeuza, tukasukuma vibana, tukatoa betri. Hapo mlinzi hana chakula cha upande wowote, lakini ndani ya saketi huwa kunabaki umeme kidogo, kama maji yanayobaki kwenye bomba ukishafunga koki. Ili uishe, tukabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia sekunde 30 bila kuachia. Kisha tukachomeka chaja peke yake bila betri, tukawasha, tukaacha mpaka Windows ikafunguka. Tukazima tena, tukachomoa chaja, tukarudisha betri mahali pake, tukachomeka chaja, tukawasha.

Asilimia 11. Tukakaa kimya. Asilimia 11. Mwenzangu akaenda kuteka maji, nadhani hakutaka kuangalia. Aliporudi ilikuwa 14.

Siandiki haya ili muone nimekuwa fundi. Baada ya habari kusambaa koridoni, wamekuja watu na laptopu zao, na si zote zilizopona. Jamaa mmoja wa darasani kwetu, ripoti ya betri yake ilionyesha imetengenezwa kwa 41,440, sasa inajaa 6,900. Hiyo imechakaa, hata ubonyeze kitufe mpaka alfajiri. Alinunua mpya, na alinunua akijua kwa nini. Mwingine, sehemu ya kugusa kwa kidole ilikuwa imeinuka juu kama andazi. Hapo betri imevimba. Ukiona hivyo usichaji, usibonyeze, usitoboe. Zima, ipeleke kwa fundi itolewe.

Wa tatu alikuwa anachajia kitandani, laptopu imezama kwenye godoro, feni haipumui, na ni Januari. Betri nyingi za aina hii zikifika nyuzi joto 45 hivi, geti linafungwa mpaka zipoe. Tuliiweka mezani ikapoa, ikachaji. Wa nne yake iligoma asilimia 80 kila siku, kumbe kulikuwa na mpangilio wa kutunza betri ambao unaizuia makusudi isijae, ili isichakae haraka. Kaletewa zawadi akadhani ni ugonjwa. Wa tano alikuwa anatumia chaja ya kuazima yenye wati ndogo. Inatosha kuendesha kompyuta, haibakizi cha kuipa betri.

Kwa wenye laptopu nyembamba ambazo betri iko ndani, msianze kufungua skrubu kwa kisu cha kukatia nyanya. Nyingine zina kitundu kidogo kwa chini cha kuingizia kibanio cha karatasi, ambacho kazi yake ni hiyohiyo ya kumlaza mlinzi. Nyingine zinataka uchomoe chaja na kushikilia kitufe tu. Tafuta mwongozo wa modeli yako, chomoa chaja kwanza, na hifadhi kazi yako kabla ya yote.

Na karani je? Yeye haguswi na zoezi hili, maana anaishi ndani ya betri na analishwa na seli zenyewe. Kama shida yako ni asilimia zinazodanganya, mfano inasema 40 halafu inazima ghafla, hapo daftari ndilo lenye makosa. Ijaze mpaka 100, itumie mpaka ikaribie kuisha, uijaze tena bila kukatiza. Karani anapata nafasi ya kuhesabu ghala upya, juu mpaka chini. Usifanye kila wiki, kwa sababu kuimaliza betri mara kwa mara nako kunaichosha.

Nimemfikiria sana yule fundi. Sitaki kumchafua. Ana kompyuta ishirini mezani, ana kodi ya fremu, na kueleza hakulipwi. Kuuza betri kunalipwa. Inawezekana angepima angefika tulipofika sisi. Ila alitoa hukumu kwanza, na sisi tuliokwenda kwake tungeipokea bila swali, kwa sababu kasema fundi na sisi ni wanafunzi wa chuo kikuu tunaojua maneno makubwa. Aliyeomba maelezo ni mwanamke wa sokoni ambaye hajawahi kushika laptopu. Aliuliza kwa sababu hela ni yake.

Mwaka huu tunakwenda fildi, sisi wa ualimu. Tutaingia kwenye madarasa ya sekondari kufundisha kwa Kiingereza watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Tutaandika ubaoni neno refu, darasa litalikariri, kwenye mtihani watalirudisha kama lilivyo na tutawapa vema. Naogopa kitu hicho kuliko ninavyoogopa kukaguliwa. Mtoto anaweza kuandika "embedded controller" bila kukosea herufi na asijue kwamba kuna kitu kinabaki macho kompyuta ikilala. Na mwalimu anaweza kumwandikia mtoto "mzito" kwa dakika mbili, kama fundi na betri, bila kuangalia kama bado anatoa zile asilimia 11 zake.

Kwa hiyo tumeweka sheria chumbani kwetu. Ukileta laptopu haichaji, tunakusaidia bure, lakini huondoki mpaka utueleze kwa Kiswahili kilichokuwa kimetokea, kama unamweleza anayekulipia ada. Juzi alikuja binti wa mwaka wa kwanza. Yake ilikubali mara ya kwanza tu. Akashukuru, akaikunja, akafika mlangoni. Mwenzangu akamwita: "We, rudi. Kwa nini kuizima tu hakukutosha?"

Akasimama na begi begani, akafikiria.

"Kwa sababu," akasema, "kuna aliyekuwa hajalala."

Tukamfungulia mlango.