Tupime Kabla ya Kulaumu

Mchezo wa kompyuta ukiganda ghafla, neno la kwanza kutoka kinywani huwa lawama. Kwetu alilaumiwa binti yangu mdogo: eti video zake humeza intaneti ya kaka yake. Niliwaomba tupime kwanza, tukianza na kilicho karibu.

Simu ya binti ikiwa imezimwa, tulituma amri ya ping kwenye ruta ya sebuleni. Kompyuta ilipoungwa kwa waya, jibu lilirudi ndani ya milisekunde 2. Ilipopitia kituo cha pili cha Wi-Fi kilichoko chumbani, jibu liliruka mara kwa mara kupita milisekunde 200. Kumbe kasoro haikutoka kwa binti wala kwa kampuni ya intaneti: kituo kile kilipokea na kupitisha data hewani kwa zamu, nyuma ya ukuta mnene wa matofali. Tulikiunga na ruta kwa waya, mikwamo ikaisha. Kaka akamwomba dada yake radhi.

Mchezo hutumia data kidogo, lakini huitaka ifike kwa wakati. Waya wa mita chache hununuliwa sokoni. Imani ya ndugu aliyeshutumiwa bure hurudi polepole.