Njia ya Buna na Majumba ya Matajiri

Mtu aliyewahi kuzunguka Ziwa Naivasha kwa gari, kwa barabara ya upande wa kusini, haisahau upesi safari ile. Migunga yenye magome ya manjano imeinamia njia, maji yanametameta kati ya miti, na kila baada ya mwendo mfupi hutokea lango la shamba la wakubwa wa zamani. Huko ndiko Cyril Ramsay-Hill alikojenga, mwishoni mwa miaka ya 1920, jumba jeupe lenye kuba, kwa mfano wa majumba ya Moroko. Liliitwa Djinn Palace, yaani Jumba la Majini, jina ambalo mtu wa pwani asingethubutu kulipa kao lake.

Mwenyewe hakulifaidi. Mkewe, Mary, alimwacha akaolewa na Lord Erroll mwaka 1930, na jumba likawa la hao wawili. Mary alifariki mwaka 1939. Naye Erroll aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake nje ya Nairobi mnamo Januari 1941, na mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa kosa hilo aliachiliwa. Baadaye ardhi ile ikawa shamba la maua la Oserian. Hata kabla ya kuba hizo kuinuliwa, ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe: ilikuwa malisho ya Wamasai, ambao kwa mkataba wa mwaka 1904 waliondolewa sehemu hizo za Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 hata Laikipia waliambiwa wahame.

Sasa msafiri mwenye picha hiyo akilini na aifuate njia nyingine, ile itokayo Wajir kwenda kaskazini hadi Buna na kuishia Moyale mpakani. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 130 kabla ya kufika Buna. Ataona vichuguu virefu kama nguzo, swala twiga akisimama kwa miguu miwili kula majani, mbuni, na vichaka visivyo na mwisho. Lango la shamba hataliona hata moja. Buna yenyewe ni mji mdogo wa maduka na msikiti, na mgeni akiisha kunywa chai yake huuliza swali ambalo wageni wengi huliuliza: matajiri wa nchi hii wanakaa wapi?

Walowezi hawakupewa mashamba huku. Tangu mwaka 1926 wilaya za kaskazini zilikuwa zimefungwa, na aliyetaka kuingia alihitaji kibali. Ajabu ni kwamba Lord Delamere, mwenye Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita na mkubwa kuliko walowezi wote, aliingia Kenya mwaka 1897 kwa upande huu huu wa kaskazini. Alitokea Berbera, akapita Uhabeshi pamoja na ngamia wake, kisha akashuka kwa njia ya Marsabit. Nchi ya ngamia aliiona kwanza, akaipita. Miaka 43 baadaye Waitaliano waliiteka Moyale, Julai 1940, wakasonga mbele hadi Buna, na hapo ndipo ulipofika ukomo wao ndani ya Kenya. Erroll alipouawa, Moyale ilikuwa bado mikononi mwao. Ilikombolewa mwezi uliofuata, ingawa katika maongezi ya mabwana wa Naivasha huenda Buna haikutajwa sana.

Jibu la swali la mgeni ni kwamba tajiri yupo, lakini mali yake inatembea. Pengine ni yule mzee wa Kiajuran aliyekaa kivulini na fimbo yake, mwenye ngamia wengi walio mwendo wa siku mbili kutoka hapo. Nyumba yake ni fito zilizopindwa na mikeka. Wanawake ndio waijengao, na ndio waibomoao siku ya kuhama.

Kisichohama ni kisima. Visima vya Wajir vimechimbwa katika mwamba wa chokaa, na wazee husimulia kuwa vilichimbwa na Wamadanle, majitu yaliyokaa nchi hii kabla ya watu wa leo. Kwa Waborana, majirani wa upande wa Moyale, kisima kirefu huwa na ukoo wake na msimamizi wa zamu aitwaye abba herega, naye ndiye asemaye kundi la nani litakunywa leo na la nani litangoja. Tajiri hawezi kuiruka zamu kwa sababu ya utajiri wake. Tena aliyefilisika kwa ukame hukusanyiwa mifugo na ukoo wake, desturi iitwayo busa gonofa. Mtu akimpa ndugu yake ng'ombe leo, anajiwekea akiba ya siku ambayo yeye mwenyewe atakuwa mikono mitupu.

Siku hiyo huja. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na mifugo isiyoweza kulishwa humo ikaangamia kwa wingi. Kisha tangu mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na katika Kenya nzima ikafa mifugo zaidi ya milioni 2. Jumba la mawe hubaki limesimama hata mwenyewe akiisha kufilisika. Zizi la ngamia laweza kuwa tupu kwa mwaka mmoja, na hapo hata busa gonofa hushindwa, kwa kuwa wa kuchanga nao hawana kitu. Baadhi ya wenye makundi ya jana sasa wanaishi pembezoni mwa miji, watoto wao wakitafuta vibarua.

Lami ya Isiolo hadi Moyale, iliyokamilika katika miaka ya 2010, ilipita Marsabit na kuiacha Buna kando. Kwa hiyo dereva wa njia hii bado huenda polepole, na mara nyingine hulazimika kuzima injini kabisa. Mbele yake wanawake wanavusha ngamia waliofungwa fito, mikeka na vibuyu vya maziwa, na mtoto mchanga juu ya mizigo hiyo. Hungoja mpaka nyumba nzima imekwisha kuvuka.