Kupunguza Uzani: Ushauri wa Bure au wa Kulipia?

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga, ila hawakutuambia kuuliza hugharimu shilingi ngapi. Siku hizi jijini hata swali la chakula lina bei. Anayetaka kupunguza uzani hukutana na watu chungu nzima: huyu anauza ratiba ya mlo, yule anauza unga wa kukoroga, na mwingine anadai malipo ya miezi sita kabla hajakuuliza hata jina. Sisi tunaohesabu karo, kodi ya nyumba na nauli, tulipe au tusilipe?

Swali hili lilibisha hodi kwangu mwaka wa 2023. Nilikuwa na kilo 94, na kimo changu ni mita 1.62. Ukigawanya uzani kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo, unapata karibu 36. Kwa mtu mzima, kuanzia 25 uzani umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Daktari alinieleza kuwa si lazima niwe mwembamba kama ufito. Nikipunguza kilo tano hadi tisa tu, shinikizo la damu na sukari vingeanza kutulia. Akaniandikia vidonge vya sukari, na kuongeza kuwa nikijaliwa nimwone mtaalamu wa lishe.

Mtaalamu huyo alitoza shilingi 3,000 kwa kila ziara. Baba watoto aliposikia alicheka. "Mama Neema, tumlipe mtu elfu tatu atwambie tule sukuma wiki?" Sikumlaumu. Fedha zilizokuwapo zilikuwa za sare ya Neema, aliyekuwa akijiandaa kwenda shule ya bweni.

Tulikubaliana kuanza na yasiyo na bei. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa lishe bora na mazoezi mwaka wa 2017. Nalo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kuwa sukari ya kuongezwa isizidi, kwa mtu mzima, kama vijiko 12 vya chai kwa siku. Vikombe vyangu vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, vilikuwa vikimaliza kiasi hicho kabla sijagusa soda wala keki. Mafuta ya kupikia nayo, kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 120, na jikoni kwetu yalikuwa yakimiminwa moja kwa moja kutoka mtungini. Kupima kwa kijiko hakuhitaji mtaalamu.

Vidonge ndivyo vilivyonifikirisha. Baadhi ya dawa za kisukari huendelea kushusha sukari hata mtu asipokula. Anayepunguza chakula bila dawa zake kuangaliwa anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, hata kuzirai. Hapo niliona tofauti. Orodha ya vyakula bora ni ya kila mtu, lakini vipimo vyangu na dawa zangu ni vyangu peke yangu. Mtaalamu halipwi kwa kuijua sukuma wiki. Hulipwa kwa kuvitazama vyote hivyo pamoja.

Tulilipia ziara mbili, na sare ikanunuliwa kwa mafungu. Baba Neema nilikwenda naye, maana nyumba yetu hula sufuria moja. Mtaalamu aliuliza nani hununua chakula, nani hupika, na tunakula saa ngapi. Hakuagiza vyakula vya kigeni. Githeri ilibaki, ila maharagwe yakazidi mahindi. Ugali ukapungua, mboga zikajaa sahani. Aliniagiza nirudi kwa daktari dawa ziangaliwe upya. Baada ya miezi mitano nilikuwa na kilo 87, na Baba Neema hacheki tena.

Mpenzi msomaji, ikiwa u mzima na tatizo lako ni soda na chapati, anza na kijiko chako na miguu yako. Lakini ikiwa una kisukari, maradhi ya figo, mimba au mtoto anayenyonya, au anayetaka kupungua ni kijana anayekua, usijifanye daktari. Ukiona ada ni kubwa, ulizia hospitali ya serikali iliyo karibu nawe kama ina wahudumu wa lishe.

Kabla ya kulipa, omba kuona leseni. Sheria ya mwaka wa 2007 iliunda taasisi ya KNDI kusajili wataalamu wa lishe nchini. Na anayekuuzia unga kabla hajauliza dawa unazomeza, huyo ni mchuuzi tu.

Lipa pale ambapo kukosea kutakugharimu kuliko ada. Mengine yako jikoni mwako.