Ada Tunalipa, Onyesho Hatuendi

Jumamosi asubuhi nchini Uingereza, kumbi za makanisa na za mitaa katika miji mingi hugeuka madarasa ya densi. Watoto wa miaka mitatu au minne huanza kwa kurukaruka wakifuata muziki, na wakubwa wao hushika nguzo ya ukutani wakikunja magoti kwa hesabu. Siku hizi wamo humo watoto wa Wakenya, Watanzania na Wakongo, na wazazi wao huwezi kuwaita wavivu: ada inalipwa, viatu vinanunuliwa, mtoto anafikishwa mlangoni hata mvua ikinyesha. Kinachokosekana ni kutazama. Mtoto anaweza kusoma baleti miaka mitano bila watu wa nyumbani kwake kuketi pamoja hata mara moja na kuangalia baleti nzima, tangu pazia lifunguke hadi lifungwe. Hoja yangu ni kwamba kutazama huko ni sehemu ya mafunzo yenyewe, wala si starehe ya ziada kwa wenye nafasi; na kwamba sisi, kwa mila zetu za ngoma, tulikuwa na ujuzi mkubwa wa kutazama kabla hatujauacha.

Ni rahisi kuelewa kwa nini mzazi aliyetoka kwetu huvutiwa na darasa kuliko ukumbi. Mafunzo ya densi huku yamepangwa kama shule. Royal Academy of Dance, iliyoanzishwa London mwaka 1920, ina mitihani ya madaraja ambayo mtahini wake hutoka nje ya shule ya mtoto, na vyeti vya daraja la 6 hadi la 8 humpa kijana alama zinazohesabiwa anapoomba nafasi ya chuo kikuu. Densi ni somo la mtihani wa sekondari. Mwenye kipaji akifika miaka 11 anaweza kushindania nafasi White Lodge, shule ya bweni ya Royal Ballet iliyomo ndani ya Richmond Park, na serikali ina mpango wa kuchangia karo kwa kadiri ya kipato cha familia. Cheti, daraja, alama: haya tunayajua, tumelelewa nayo, na tukiyaona tunatoa pesa bila kuuliza. Lakini wazazi wengi wenyeji wana upande wa pili ambao hauandikwi kwenye risiti. Krismasi ikikaribia huipeleka familia kutazama The Nutcracker, baleti ya muziki wa Tchaikovsky iliyoonyeshwa kwanza Urusi mwaka 1892. English National Ballet imeicheza karibu kila mwaka tangu 1950. Katika toleo la Royal Ballet lililotungwa na Peter Wright mwaka 1984, watoto wa karamuni huchezwa na wanafunzi wa shule yao, kwa hiyo mtoto wa miaka minane aliyeketi ukumbini humwona wa miaka kumi na miwili akiwa kazini. Na shule ndogo ya mtaani inapoandaa onyesho lake la mwaka, wazazi ndio wanaoshona mavazi, na baadhi huomba kibali cha halmashauri ili waruhusiwe kisheria kuwaangalia watoto nyuma ya jukwaa.

Kutazama kunamfundisha mtoto nini ambacho mwalimu hawezi? Darasani mtoto huona miguu yake, kioo na mgongo wa mwenzake. Kukunja magoti na kuyanyoosha polepole, zoezi linaloanza karibu kila kipindi, kwake ni adhabu isiyo na sababu. Ukumbini anaona kwamba kule kukunja magoti ndiko kunakomrusha mchezaji juu, na ndiko kunakompokea anaposhuka bila kishindo. Anaona kwamba wachezaji ishirini na wanne wakivuta pumzi pamoja, mstari wao haupindi. Anasikia muziki ukitangulia mwili kidogo, na mwili ukiufuata. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayofikia hapo. Mzazi naye anajifunza kwa njia hiyo hiyo, na kwangu faida hii ni kubwa kuliko ya mtoto. Mzazi asiyetazama ana swali moja tu la kuuliza: umepata alama ngapi? Aliyetazama anaweza kuuliza kwa nini mkono wa yule mchezaji ulionekana mrefu kuliko ulivyo, na mtoto akamweleza, na mazungumzo ya densi yakaingia nyumbani kwa lugha ya nyumbani.

Kuna pia suala la usalama. Mwaka 2023 kipindi cha Panorama cha BBC kilitangaza malalamiko ya wanafunzi wa zamani wa shule mashuhuri za baleti za Uingereza, waliosema walidhalilishwa kwa sababu ya maumbo yao. Mtu asione nikisifu mambo ya huku akadhani sijui hilo. Mzazi ambaye kazi yake ni kulipa tu hana macho ya kutambua mafunzo makali yanapogeuka mateso. Vivyo hivyo kwa viatu vigumu vya kusimamia ncha za vidole: mtoto hupewa baada ya miaka kadhaa ya mafunzo, mguu na kifundo vikishapata nguvu, na kwa kawaida si kabla ya miaka 11 hivi. Anayeelewa hatamsumbua mwalimu amvalishe mtoto wa miaka minane ili picha itumwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Sasa tuangalie kwetu. Bujora, karibu na Mwanza, hufanyika kila Juni sherehe ya Bulabo, na humo vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni karne ya 19, hushindana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Fikiria maana yake. Hakuna mtahini, hakuna karatasi. Anayetoa alama ni mtazamaji, na huzitoa kwa miguu yake, kwa kuhama. Mtoto aliyesimama pembeni mwa uwanja na bibi yake alisikia kwa nini bibi amehama: manju huyu amechoka, wale wanaocheza na majembe wamepoteza mapigo. Hayo yalikuwa mafunzo, na yalimfikia hata asiyekuwa na nia ya kucheza. Hakuna mzazi aliyempeleka mtoto ngomani kisha akamngoja nje.

Kilichobadilika ni kwamba tuliikabidhi ngoma kwa shule. Kenya ina tamasha la muziki la shule lililoanza mwaka 1927, Tanzania ina UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, na sina ugomvi nayo; bila hayo vijana wengi wa mjini wasingeshika ngoma ya kwao kabisa. Lakini mtoto hupanda basi la shule, hucheza mbele ya majaji na shule nyingine, na nyumbani mara nyingi hufika matokeo tu. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma inaweza kuwa na wachezaji wa mashindano na bado ikafifia, kama wanaoitazama hawajui tena wanachotazama.

Baleti ya kwetu imeingia katika hali hiyo ya kuwa na wachezaji bila watazamaji. Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kuna madarasa yaliyoanzishwa kwa msaada wa shirika la Anno's Africa la Uingereza, ambako Mike Wamaya alifundisha katika vyumba vya shule, madawati yakisogezwa kupisha watoto. Mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu 50 walioteuliwa kuwania Global Teacher Prize. Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda, Nairobi, alifika hadi English National Ballet School, London. Picha za watoto wa Kibera zimezunguka dunia nzima, na ninashuku kwamba zimetazamwa zaidi Ulaya kuliko Lang'ata, mtaa wa jirani. Sanaa inayotegemea huruma ya mfadhili wa mbali hudumu kadiri huruma hiyo inavyodumu. Ndiyo maana naipa uzito zaidi kazi ya Dance Centre Kenya ya kupandisha The Nutcracker katika Kenya National Theatre, watoto wa mitaa tofauti wakiwa kwenye jukwaa moja. Hapo mtazamaji ni jirani, na amelipa.

Najua jibu litakalokuja: baleti ni ya Wazungu, kwa nini tuijazie kumbi? Ilizaliwa katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa, kweli. Ikahamia Urusi, ambako nayo ilikuwa ngeni. Ikafika Cuba, ambako Carlos Acosta, mtoto wa dereva wa lori wa Havana, alipelekwa shule ya baleti na baba yake ili asiharibikie mitaani. Tangu 2020 yeye ndiye mkurugenzi wa Birmingham Royal Ballet. Cuba ilikuwa na serikali iliyogharamia mafunzo, na sisi hatuna. Basi sababu ya kuwahitaji watazamaji wetu ni kubwa zaidi. London kwenyewe, wacheza baleti weusi walikuwa wakipaka viatu vyao rangi ili vifanane na ngozi, hadi mwaka 2018 kampuni ya Freed ilipoanza kutengeneza vya kahawia kwa kushirikiana na kikundi cha Ballet Black. Mambo hubadilika pale watu waliomo, jukwaani na vitini, wanapodai.

Lipo pia pingamizi la stara kutoka kwa wazazi wa pwani; nalichukulia kwa uzito, lakini halina budi kuwa pingamizi la mavazi na mpangilio, si la densi. Wanawake wa pwani wamecheza ngoma za lelemama na chakacha kwa faragha yao vizazi na vizazi. London ipo Grace & Poise, shule ya baleti ya Waislamu inayotumia mashairi badala ya muziki. Na anayesema densi ni ya wasichana aniambie bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, huchezwa na nani. Woga huo wa mvulana kucheza tumeuokota ughaibuni, si kwetu.

Gharama ni kikwazo halisi kwa masomo, kwa kutazama si sana. Royal Opera House ina viti vya mamia ya pauni, na ina nafasi za juu kabisa na za kusimama ambazo bei yake haizidi ya sinema kwa mbali. Maonyesho yake huonyeshwa pia katika majumba ya sinema. Tangu 2014 kuna World Ballet Day, siku ambayo vikundi vikubwa hurusha mazoezi yao mtandaoni bila malipo, na mtu wa Tabora mwenye simu huona kilekile anachoona mtu wa London. Wanaosema sanaa hailishi wana ukweli kuhusu wachezaji. Wachache sana wataishi kwa densi. Kwa watazamaji hoja hiyo haina mahali. Hatumwambii anayependa mpira aache kutazama kwa kuwa hatasajiliwa na Yanga.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mlio na watoto darasani, London, Nairobi au Dar es Salaam: kabla ya kulipa ada ya muhula ujao, tafuteni onyesho moja, la baleti au la ngoma, mnunue tiketi za nyumba nzima. Kama bibi amekuja kuwatembelea, mchukueni. Mwacheni aseme anachokiona, hata kama ni kibaya.