Kutoka Garissa Hadi Mambrui

Basi letu lilivuka daraja la mto Tana hadi Madogo, likashika njia ya Bura na Hola kuelekea pwani. Kando yetu aliketi mwanajeshi kijana, mwenyeji wa Mambrui, akirejea kutoka Somalia, nchi ambayo majeshi yetu yaliingia Oktoba 2011. Mwaka mzima alikuwa jangwani, na mwanawe wa kwanza alizaliwa nyuma yake.

Njia ni nyika: migunga, vumbi, ngamia. Kijana hakuitazama, alikwisha kuishiba. Ila Hola, ilipotokea miembe, aligeukia dirishani akanyamaza kitambo kirefu.

"Sheikh," alisema baadaye, "nyumbani hawana habari. Nitawabishia hodi usiku, wafurahi."

Tulimjibu: "Mwanetu, Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyeghibu muda mrefu kuwajia watu wake usiku kwa ghafla, Jabir ameipokea hadithi hiyo. Wakishajua, hapana ubaya." Tukamkumbusha Sayyidna Umar, aliyemwuliza binti yake Hafsa mke aweza kumsubiri mumewe muda gani, kisha akawawekea askari kikomo: riwaya moja yasema miezi minne, nyingine sita. Leo kikomo hicho wachache hukitaja, nasi twaona ni hasara.

Garsen alishuka na simu mkononi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mama ndiye aliyepokea. Auliza nipikiwe nini."

Tulifika Mambrui wakati wa Isha. Akabeba begi lake, akaelekea msikitini kwanza, kwa rakaa mbili za mwenye kurejea safari.